Mzee Niliyemkimbia Iringa

Mniwie radhi, nitasimama hapa karibu na mlango. Sauti yangu ni kubwa, na mama mmoja pale mbele amelaza mtoto, sitaki anilaani kabla sijaanza. Kamwene, ndugu zangu. Mmeitikia watatu tu. Ugonile. Ehee, Wanyakyusa wote mmezinduka. Haya, ile salamu ya kwanza, ya Wahehe, iwekeni, nitairudia.

Nimefika jana kwa lori kutoka Iringa. Mgongo unauma na vumbi la njia nzima bado limo masikioni. Kina mama wa usharika huu wameniita kwa sababu wanasema hapa Mbeya wageni mmekuwa wengi: Wakinga, Wandali, Wanyiha, ndugu zangu wa Rungwe. Kila mtu amefuata kazi, na kila mtu amejifungia na wa kwao. Wakaniambia, njoo uwaeleze yaliyokupata. Basi nitaeleza, ila sitamtaja mtu. Wengine sitawataja kwa heshima. Na kuna jina moja siwezi kulitaja hata mkinishikia panga, na sababu yake mtaijua.

Mimi ni mtoto wa Rungwe. Niliolewa nikiwa msichana, ng'ombe wakatolewa, nikaenda kwa mume. Kwetu, mnaojua mnajua, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye mahali pamoja, halitaji jina lake. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anageuza mgongo, anajifunika nguo usoni mpaka apite. Na si baba mkwe peke yake, hata ndugu zake wa kiume na wazee wa rika lake. Hiyo ndiyo heshima. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Mimi nilikuwa hodari. Nilikuwa nasikia kikohozi cha baba mkwe ng'ambo ya migomba, na kabla hajafika nimekwisha potea. Kijiji kizima kilinisifu.

Wasafwa, wenyeji wetu, mnacheka. Chekeni tu, mimi mwenyewe sasa hivi nacheka. Wakati ule sikucheka.

Mume wangu alipata kazi ya barabara Iringa, tukapanga kibanda Ipogolo, kule chini ya mlima, karibu na daraja. Nilikuwa na binti mmoja, bado ananyonya. Tukiwa juu ya lori, kabla hatujafika, mume wangu akaniambia neno moja. Akasema, baba yangu mdogo alikwenda Iringa zamani, hakurudi wala hakuandika barua, lakini yuko. Nikimpata nitakwambia. Uwe mwangalifu, siku moja utakutana naye njiani.

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile lilinifunga kamba. Nifikirieni. Baba mkwe mdogo ndiye huyo huyo baba mkwe, heshima yake ni ile ile. Lakini sikuwahi kumwona. Hata angekuwa kijijini nisingemwona, maana nisingemtazama. Nitamjuaje? Angeweza kuwa yule mzee anayeuza tumbaku sokoni. Angeweza kuwa yule anayepita na mbuzi. Mzee yeyote mwenye mvi katika mji ule angeweza kuwa yeye. Kwa hiyo nikafanya kile mkamwana hodari angefanya: nikawakimbia wazee wote.

Nikimwona mzee anapanda mlima, mimi naingia kwenye nyasi, nampa mgongo, najifunika. Nikimkuta kisimani, naacha mtungi naondoka. Nilidhani najenga jina zuri. Nilisema moyoni, hata kama hawanijui, wataona kwamba huyu mwanamke amelelewa.

Sasa sikilizeni upande wa pili, nilioujua baadaye sana. Wahehe ni watu wa salamu. Mtu mzima akikutana na mwanamke kijana njiani, yule mwanamke anasimama, anapiga goti, anamwamkia, mzee anaitika, anamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, ndipo kila mtu anakwenda zake. Anayempita mzee bila salamu ni mtu mwenye jambo moyoni. Na anayemgeuzia mgongo akajifunika uso? Huyo ama anakudharau, ama amekuroga na hataki umtazame machoni. Wao waliona hivyo. Mimi nilikuwa nawaheshimu kwa nguvu zangu zote, na kila heshima niliyoitoa waliipokea kama tusi.

Hakuna aliyeniambia. Walianza tu kupungua. Mwanamke jirani aliyekuwa ananipa mboga akaacha. Watoto wakawa wanakimbia nikipita. Mume wangu alikuwa kambini, wiki tatu barabarani, siku mbili nyumbani, naye alikuwa anauliza habari za baba yake mdogo kwa madereva, hakuna aliyelijua jina lile. Nilimwambia watu wa hapa ni wagumu. Akasema nivumilie, wageni ndivyo walivyo. Aliwaita wao wageni, mnaona? Wao, katika nchi yao.

Mwaka ule ndio mwaka kichwa cha mtwa wao wa zamani, yule chifu aliyepigana na Wajerumani, kilirudishwa kutoka Ulaya, kikapelekwa Kalenga. Mlisikia habari zake hata huku. Mji mzima ulitoka. Tangu alfajiri niliwasikia wakipita, wanawake na vigelegele, wazee wamevaa nguo zao nzuri, watu wa Idodi waliolala njiani. Nami nilitamani, ndugu zangu, nilitamani kwenda kama mtoto. Lakini wazee wote wa Uhehe watakuwa mahali pamoja, nitajificha wapi? Nikafunga mlango, nikakaa na mtoto wangu gizani nikiwasikiliza mpaka wakaisha. Siku ile Ipogolo nzima ilikuwa kimya, nikalia bila kujua nalilia nini.

Baada ya hapo mume wangu akaugua. Alirudi kutoka kambini akitetemeka, na siku ya tano akafa. Sitasema mengi juu ya hilo. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa anapenda kunitania kwamba nina mbio kuliko swala.

Wanyakyusa mnajua msiba wa kwetu. Ngoma, watu, ng'ombe wanachinjwa, wanaume wanacheza, unalia mpaka sauti inakauka na bado kuna mtu amekushika. Mume wangu alizikwa na wenzake saba wa barabara waliokuja na makoleo yao ya kazi. Wanawake wa jirani walikuja, nisiwasingizie, walikuja siku ya kwanza wakakaa na mimi. Kisha akaja mwenye kiwanja, mzee wa Kihehe ambaye ndiye aliyetupa mahali pa kuishi. Mambo yake yote alikuwa anazungumza na mume wangu, mimi sikuwahi hata kumwona uso. Akapiga hodi, akaja kunipa pole.

Nikakimbia.

Mimi mfiwa, machozi mashavuni, mtoto mgongoni, nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaingia kwenye mahindi. Nikachutama humo nimejifunika. Nilimsikia amesimama mlangoni, akingoja. Alingoja muda mrefu. Alikuja tena kesho yake, nikakimbia tena. Mara ya tatu wale wanawake walinitazama nikitoka mbio, wakakusanya vyungu vyao, mmoja mmoja, wakaondoka. Hawakurudi.

Baada ya siku chache mke wa yule mzee akaja, akasimama mbali, akasema maneno machache tu. Mvua zikiisha nitoke, mzee anataka kiwanja chake. Nikasema sawa, mama.

Nikatuma habari Rungwe kwa dereva wa lori. Jibu likarudi kwa dereva yule yule, na lilikuwa fupi: rudi, shemeji yako atakurithi, ukikataa, wewe nenda utakako, lakini mtoto ni wa ng'ombe zetu, ataachwa hapa. Mimi ni Mkristo, na yule shemeji alikuwa na wake wawili tayari. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi kabisa. Nikikosa kile kibanda, sina pa kwenda ila nyumbani. Nikienda nyumbani, ama nirithiwe, ama nimwache binti yangu. Kibanda kile cha udongo ndicho kilichokuwa kinanishikia mtoto wangu. Na mwenye kibanda nilikuwa siwezi kumtazama.

Mtasema, si ungeacha tu hiyo mila? Mama pale anatikisa kichwa, naona. Mama, wewe uliyezaliwa hapa, mtu akikwambia vua nguo sokoni ili upate chakula, utavua? Ilikuwa hivyo. Mwili ulikuwa unakimbia kabla akili haijaamua.

Mvua zikaisha, nikawa nangoja kila siku kufukuzwa, ikaingia baridi. Baridi ya Iringa ya mwezi wa saba ni kama hii yenu. Siku moja mvua ya baridi isiyo na wakati wake ilinyesha, paa lote likavuja, moto ukazima. Asubuhi binti yangu alikuwa anakohoa kikohozi kibaya, kile cha kukaza mbavu, na midomo imebadilika rangi. Sikuwa na kiberiti. Nikachukua kigae nikaenda kwa jirani kuomba moto. Kaa moja tu la moto, kitu ambacho hakuna anayemnyima mtu. Nikapiga hodi nikisema moyoni, Bwana, afungue mama wa nyumba.

Akafungua mzee. Baba wa mwenye nyumba, mvi kichwa kizima, na alikuwa ameshika kijinga cha moto, kana kwamba alijua nimefuata nini. Alikinyoosha kwangu.

Nikamgeuzia mgongo, nikakimbia.

Ndugu zangu, ngojeni kidogo. Hapa hunishika kila mara.

Nilifika nyumbani na kigae kitupu. Mtoto wangu anakohoa juu ya mkeka uliolowa, na mimi nilikuwa nimeukimbia moto. Kwa heshima. Nilimweka kifuani, nikamfunika kwa kila kitu nilichokuwa nacho, nikampumulia usoni siku nzima ili apate joto. Hakufa. Mungu peke yake ndiye anayejua kwa nini hakufa. Lakini siku ile nilijiona si mama tena. Nilijisemea, hata akienda Rungwe, huko angalau kuna moto.

Jumapili iliyofuata nilimbeba nikaenda darajani. Watu walikuwa kanisani, hakukuwa na mtu njiani. Nikasimama pale nikitazama maji ya Ruaha Mdogo yakipita kwenye mawe. Sitasema nilikuwa nawaza nini, ninyi ni watu wazima.

Nikasikia sauti za wanawake zinashuka mlima. Walikuwa kama kumi na mmoja, wamevaa nguo za ibada, na mbele yao bibi mmoja mfupi, anachechemea na fimbo, anaongea bila kupumzika. Kumbe ilikuwa ni desturi yake. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anawachukua wanawake wageni, anawatembeza. Leo huku, kesho kule. Hapa ndipo askari wa Kijerumani walipovuka. Pale juu ni jiwe ambalo Wahehe wanasema linasema, mtwa alikuwa akikaa pale kuangalia nchi. Huyu ni fulani, mwamkieni, hivi ndivyo anavyoamkiwa. Alikuwa mwanamke, kwa hiyo sikumkimbia.

Alipofika kwangu alisimama akanitazama, kisha akayatazama maji, kisha akanitazama tena. Hakuniuliza lolote. Alinipa fimbo yake.

"Nishikie hii, mwanangu," akasema. "Mkono umechoka. Twende nayo mpaka tumalize."

Ningefanyaje? Fimbo ya kikongwe huwezi kuitupa. Nikamfuata. Mwenda bure si mkaa bure, wahenga walisema, na mimi siku ile nilikuwa mwenda bure hasa.

Alitupandisha polepole akisimulia. Alisema vita vya Wajerumani vilipopiga Kalenga yeye alikuwa mgongoni mwa mama yake, na mama yake alikimbia naye usiku na mchana. Walipokuja kukaa mjini baadaye, mji wenyewe ulikuwa mpya, umejengwa jana. Askari kutoka pwani, wapagazi Wanyamwezi, Wabena, Wahehe walionyang'anywa kwao. Akasema, mji huu haukuwa na mwenyeji hata mmoja, sote tulishikana mikono tukajifanya wenyeji. Wenzangu walicheka. Mkinga mmoja aliyekuwa kando yangu alinishika mkono mahali pa utelezi, na nilishtuka, maana tangu msiba hakuna aliyekuwa amenigusa.

Akatupeleka makaburini. Akasema anataka tuwaone waliojenga mji bila kuzaliwa humo. Tukapita kaburi la Mngoni aliyechonga milango. Tukapita la mwanamke wa Kisangu aliyezalisha nusu ya mtaa. Kisha tukafika penye kaburi lililozungushiwa matofali ya kuchoma, limefagiwa, na tofali moja kubwa limesimama kichwani, limeandikwa.

"Huyu tulimwita Mzee Matofali," akasema bibi. "Alitoka huko kwenu kwenye migomba. Matofali ya soko amechoma yeye, na ya kanisa tulilosali leo. Alikuwa anamwamkia kila mtu, mpaka mbwa. Jina lake la kwao alilichora mwenyewe kwenye tofali hili, akasema akifa liwekwe hapa. Mimi sijui kusoma. Kuna anayejua hapa?"

Nilisoma kwa wamisheni. Nikasema najua. Nikasogea, nikainama nisome.

Nilisoma kimoyomoyo, na mdomo ukakataa kufunguka. Jina la mtu, na chini yake jina la kilima chetu. Lilikuwa jina ambalo sikuwahi kulitamka tangu niolewe. Nililijua kama mnavyojua moto, kwa kulikwepa. Nikaanguka kifudifudi, nikajifunika kanga kichwani, mbele ya wanawake kumi na mmoja, na mtoto mgongoni analia.

Walidhani nimepandwa na pepo. Bibi akawanyamazisha, akakaa chini kwenye udongo, kazi kubwa kwa mguu ule, akangoja kama yule mzee alivyongoja mlangoni kwangu. Ndipo nikamweleza, nikiwa bado nimejifunika. Nikamweleza mila yetu, lori, neno la mume wangu, nyasi, mahindi, kijinga cha moto. Yote.

Kisha akauliza, "Umekaa hapa muda gani?"

Nikasema miaka miwili.

"Mwanangu," akasema, "huyu tumemzika vita vya Hitla bado havijaisha. Ulikuwa unamkimbia maiti."

Nililia, ndugu zangu. Nililia kilio nilichokuwa nimemnyima mume wangu. Na nitawaambia ukweli, mle ndani ya kilio kulikuwa na hasira. Miaka miwili. Sherehe nzima ya Kalenga. Wanawake waliokuja na vyungu. Moto. Vyote nilivitupa kwa ajili ya mtu aliyelala pale chini, na ambaye, kwa yote niliyosikia, angekuwa wa kwanza kuniamkia.

Bibi aliniacha nimalize. Kisha akasema, umemheshimu vya kutosha, simama sasa uwatazame walio hai. Akachukua fimbo yake, akasema safari ya leo bado haijaisha, tunashuka Ipogolo. Nikajua tunakwenda kwa nani. Nikamwambia siwezi. Akasema, hujaambiwa uweze, umeambiwa utembee.

Mzee mwenye kiwanja alikuwa nje ya nyumba yake, anachonga mpini wa jembe. Alituona, hakuinua kichwa. Wenzangu kumi na mmoja wakapiga magoti, wakaamkia, akawaitikia vizuri. Mimi nilibaki nimesimama. Miguu yangu ilikuwa inatafuta nyasi, nawaambieni kweli, ilikuwa inataka kwenda peke yake. Yule Mkinga akanishika kanga kwa nyuma kama mnavyoshika mbuzi. Nikapiga goti. Nikainua uso. Nilimtazama mzee wa watu kwa mara ya kwanza, alikuwa na jicho moja lenye mtoto wa jicho, na ndevu chache sana. Nikasema, kamwene.

Hakuitika. Alichonga ule mpini mara tatu, nne.

"Nilikuja kukupa pole mara tatu," akasema.

Nikasema ndiyo, baba.

"Mara tatu ukanionyesha mgongo. Mimi na umri huu."

Bibi alitaka kunisemea, nikamwomba aniache. Nikaeleza mwenyewe, kwa Kiswahili changu kilichovunjika, mpaka mwisho. Nilipofika kwenye kaburi la matofali aliweka mpini chini.

Halafu akasema yule mtu walimzika wao, yeye mwenyewe alibeba jeneza upande wa kushoto. Hakuwa na ndugu, akasema, tukawa ndugu zake. Akanitazama kwa lile jicho zima.

"Kibanda kaa," akasema. "Ila kila asubuhi uje hapa uniamkie. Siku usipokuja nitajua unaumwa, nitakuja kupiga hodi. Na nikija, usikimbie."

Kisha akaitika salamu yangu. Kamwene. Ilikuwa imechelewa miaka miwili.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mzee wa kijinga cha moto, na wa tumbaku, na wa mbuzi. Bibi alinitembeza wiki nzima, mlango kwa mlango, goti kwa goti. Wengine walicheka mpaka wakakohoa. Mmoja hakunisamehe, na mpaka leo hajanisamehe, nami namwamkia vilevile. Shemeji yangu alipokuja kutoka Rungwe kunichukua, alinikuta nimekaa na wazee wanne. Mwenye kiwanja akampeleka kwanza makaburini, akamwonyesha lile tofali. Shemeji akasimama pale kofia mkononi. Mzee akamwambia, huyu wenu tulimtunza bila kuombwa, hata huyu na mtoto tutawatunza. Walizungumza siku mbili. Aliondoka peke yake, na binti yangu sasa anasoma darasa la pili, anawaamkia watu hovyo mpaka namkataza.

Msidhani basi yote yakapona. Mume wangu hajarudi. Zipo asubuhi za baridi nikiona kaa la moto nakwenda kumgusa binti yangu kifua. Lakini nawashukuru. Nawashukuru wale saba wa makoleo. Namshukuru yule Mkinga aliyeshika kanga yangu. Namshukuru mzee mwenye jicho moja, ambaye alifariki mwaka jana, nami niliosha vyombo vya matanga yake siku zote, mpaka wa mwisho akaondoka. Na namshukuru bibi, ambaye sasa hatembei tena. Ananipa tu fimbo kila Jumapili, anasema, nenda nao.

Kwa hiyo mimi ndiye ninayewatembeza wageni. Funzo langu ni dogo, na si kwamba mtupe mila za kwenu. Mimi jina lile silitaji mpaka leo, nikifika pale huwa namwomba mwingine asome. Funzo ni hili: heshima usiyoieleza, mwenzako ataisoma kwa kitabu chake. Uliza. Tembea. Mwombe mwenyeji akuonyeshe nani alipita hapa kabla yako, maana huenda yule unayemwogopa alikwisha kukutengenezea njia. Hapa Mbeya nimempata mama wa Kisafwa, yule pale mwenye kilemba cheupe, amekubali. Kesho baada ya ibada tunaanza naye hapa mlangoni. Vaeni viatu mnavyoviamini, wenye navyo.

Tukifika kwenye lile kaburi la matofali huwa nafanya jambo moja ambalo mila isingeniruhusu kama angekuwa hai. Napiga goti, nainua uso, nalitazama lile tofali, namwamkia. Yeye hawezi kuitika. Basi wageni nilio nao, Wakinga, Wabena, Wanyakyusa, wote wananiitikia kwa niaba yake. Na ninyi nilisema nitairudia ile salamu. Mimi ni mgeni wenu hapa, nimetoka mbali, nimesimama mlangoni tangu nianze.

Kamwene.